Magari Mawili ya Mwalimu Antipasi

Mwalimu Antipasi alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumkamata akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chakula kipo tayari wakati bado kinachemka. Alipostaafu alirudi kijijini kwao, mbele kidogo ya Kinyangiri, akapewa kazi ya kusimamia mashine ya kukamulia alizeti. Alikuwa na mke, Editha, na alikuwa na gari.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, lenye plastiki nyeusi kwenye bampa, juu ya matairi, chini ya milango na kwenye vioo vya pembeni. Tuseme zilikuwa nyeusi zamani. Jua lilikuwa limezipiga mwaka hadi mwaka mpaka zikapauka na kuwa na rangi ya majivu, na kwenye kona zikatoa mabaka meupe kama chumvi iliyokauka. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajaligundua hilo. Aliyemfumbua macho ni shemeji yake Alute, kaka wa Editha, siku alipokuja kuliazima gari kwa ajili ya harusi ya binti yake, Faith.

"Gari ni zuri, shemeji," Alute alisema, akilizunguka huku mikono ikiwa mgongoni kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe. "Ila hizi plastiki. Zimepauka kama magoti ya mtoto aliyeoga akasahau kujipaka mafuta. Bibi harusi atashuka na gauni lake, na watu watabaki wanatazama bampa."

Jioni Editha alimkuta Mwalimu amechuchumaa nyuma ya gari, anasugua bampa kwa mafuta yake ya mgando, na kopo limebaki nusu.

"Baba Gerald, hayo ni ya miguu yangu."

"Najaribu tu," Mwalimu alisema. Kesho yake mafuta yalikuwa yameliwa na jua, na bampa lilikuwa lilelile.

Ndipo alipokwenda Singida mjini, kwa msichana mmoja aitwaye Jenifa, aliyekuwa na sehemu ya kuoshea magari kwenye njia ya kuelekea ziwani. Alisifika kwa kurudisha weusi wa plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unapaka rangi vizuri."

"Sipaki rangi, mzee. Rangi itabanduka baada ya miezi miwili, utanitukana." Jenifa alipitisha kidole kwenye plastiki ya mlango, akakitazama. "Plastiki ina mafuta yake yenyewe. Jua limeyakimbiza ndani. Mimi nayaita yarudi juu."

Aliosha kwanza kwa sabuni na brashi, akafuta kwa spiriti, akaacha pakauke. Kisha akatoa mashine iliyofanana na ile ya kukaushia nywele saluni, ila upepo wake ulikuwa wa moto wa kuunguza kidole. Akaanza nyuma, upande wa kushoto, akiipeleka na kuirudisha, taratibu, bila kusimama. "Ukisimama sehemu moja inayeyuka," alieleza. Na pale mashine ilipopita, majivu yaliondoka na weusi ukapanda juu, mzito, unang'aa, kana kwamba mtu amefungua pazia. Akimaliza kipande, alikipaka dawa kutoka kwenye kopo dogo ili weusi usikimbie tena. Mwalimu alihisi kitu kifuani ambacho hakuwa amekihisi tangu siku mwanafunzi wake wa kwanza alipopata mia kwa mia.

Jenifa alimaliza upande wote wa kushoto, akaingia bampa la mbele, akafika katikati kabisa, kwenye kibao cha namba. Hapo umeme ukakatika.

Walikaa saa mbili. Umeme uliporudi, ulirudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka. Mashine ililia mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Pole, mzee," Jenifa alisema, akiishika kama kuku aliyekufa ghafla. "Nitaagiza nyingine Dar. Ikifika nitakupigia, nikumalizie."

Kwa hiyo Mwalimu Antipasi akarudi nyumbani na gari ambalo kushoto lilikuwa limetoka kiwandani jana, na kulia lilikuwa limetoka jalalani.

Hapa inabidi nieleze barabara yetu. Ni moja tu. Nyumba ya Mwalimu ipo juu, mashine ya alizeti ipo chini, karibu na kwa Alute, na katikati barabara inapita baina ya soko na kanisa. Asubuhi Mwalimu akishuka kwenda kazini, soko lipo kushoto kwake na kanisa lipo kulia. Jioni akipanda, ni kinyume chake. Maana yake, watu wa sokoni walikuwa wanaona gari jipya likishuka asubuhi na gari la zamani likipanda jioni. Watu wa upande wa kanisani na zahanati walikuwa wanaona gari la zamani likishuka na jipya likipanda.

Siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba Mwalimu amenunua gari la pili. Ubishi ulikuwa ni wapi analilaza. Watu wa sokoni walisema analilaza mashineni, maana jioni hupanda na la zamani. Watu wa kanisani walisema hapana, linalala nyumbani. Mama mmoja muuza nyanya, aliyekutana naye uso kwa uso kwenye kona, aliapa kwamba aliona yote mawili yakija sambamba, yamebanana, na Mwalimu akiyaendesha yote.

"Na kwenye lile la zamani ni mtu wa watu," alisema mama huyo. "Anakaa dirishani, anapunga mkono, unamwona mpaka meno. Lakini kwenye lile jipya anakaa kule mbali, upande wa pili. Kiti cha karibu yetu kitupu. Mali inabadilisha watu."

Mwalimu alipoyasikia hayo alicheka. Editha hakucheka. Alirudi kutoka zahanati akiwa amenuna, akaweka mkoba mezani.

"Nimepewa pole na wanawake wanne," alisema.

"Pole ya nini?"

"Una mwanamke. Wamemwona Jumapili kwenye gari jipya, kiti cha mbele. Wanasema amefanana na mimi ila yeye anaringa, hasalimii."

Mwalimu alifikiri. "Jumapili si ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi! Kioo cha kushoto hakishuki, nitasalimia vipi?" Editha alikaa. Baadaye kidogo akasema kwa sauti ya chini, "Mmoja kasema huyo mwanamke ni mzuri kunizidi. Nikamwonea wivu, Baba Gerald. Nilikuwa najua ni mimi, bado nikamwonea wivu."

Jambo hilo lilimuuma Mwalimu kuliko lile la yeye mwenyewe. Kesho yake alisimamisha gari sokoni, akatoka, akawaita watu wazunguke wajionee wenyewe. Walikuja. Lakini watu wakiwa wengi hawazunguki gari; wanajaa upande mmoja na kusukumana. Walioliona kushoto wakasifu jipya, wachache waliopenya kulia wakasema la zamani nalo bado lina nguvu. Akachukua kiberiti, akakipaka mkaa upande mmoja, akakigeuza mbele yao, huku na huku, kama alivyokuwa akifanya darasani. "Mnaona? Kimoja. Pande mbili."

"Tunaona, Mwalimu," walisema kwa heshima. "Lakini hicho ni kiberiti."

Baada ya hapo alikuja Laurian, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye Mwalimu alikuwa amemfundisha kuanzia darasa la nne. Alikuja na daftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Laurian. Umekuja kwa ajili ya gari."

"Magari, Mwalimu. Nimeletewa taarifa kwamba yana namba moja. Namba moja magari mawili, hilo ni tatizo. Naomba uyatoe nje yote niyaone."

"Liko nje."

Laurian alilitazama upande wa kushoto, akaandika. Mwalimu akamshika mkono, akamzungusha taratibu kupita nyuma mpaka kulia. Laurian akaandika tena. Kisha akasimama, akakuna kichwa.

"Na lile la kwanza limekwenda wapi?"

Mwalimu akamrudisha kushoto.

"Kumbe lipo," Laurian alisema, akifarijika. Alizunguka mara tano. Mara ya sita alikimbia kidogo, ili alikute la pili kabla halijajiandaa. Mwishoni alikaa chini ya kivuli cha ghala, akakamilisha taarifa yake, akamsomea Mwalimu ili atie saini: "Magari yote mawili yapo na hali zake ni kama zilivyoelezwa. Hata hivyo hayakubali kuonekana kwa pamoja. Mmiliki alitoa ushirikiano."

Mwalimu alikataa kutia saini. Laurian akasikitika, akaandika kwamba mmiliki anaumwa mkono.

Zikiwa zimebaki siku tano kufika harusi, na Jenifa hajapiga simu, Mwalimu aliamua kuumaliza upande wa kulia mwenyewe. Mashine ya Jenifa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mafuta ya alizeti. Aliosha, akakausha, akapaka kwa kitambaa, na kweli, kwa nusu saa hivi plastiki zilikuwa nyeusi mpaka akaita wafanyakazi wa mashineni waje kuona. Kisha wakaanza kupakia mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, na vumbi lote la mashudu na la barabarani likaja kukaa juu ya mafuta. Kufika jioni upande wa kulia ulikuwa wa kahawia na wenye manyoya manyoya. Mbuzi wa Alute walimfuata kutoka mashineni hadi sokoni, wakilamba mlango kila aliposimama. Watu wa sokoni walitoka kulipokea.

"Mwalimu kanunua la tatu!"

"Na hili ni la mifugo," mwingine alieleza.

Aliosha kwa sabuni mpaka likarudi majivu, akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu. "Editha," alisema, "nimekuwa mkweli maisha yangu yote, na sasa kila nikisema kweli naonekana mwizi."

"Kula kwanza," Editha alisema.

Kamati ya harusi ilikutana kwa Alute siku iliyofuata, na Alute ndiye alikuwa mwenyekiti. Alisoma ratiba. Gari jipya la shemeji lingemleta bibi harusi kanisani saa nne kamili. Gari la zamani la shemeji lingepeleka masufuria na bibi wawili wa kusimamia jiko kule sokoni, kwenye turubai, saa nne kamili vilevile, ili chakula kisichelewe.

"Alute," Mwalimu alisema, "wewe umelipanda gari langu mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ni mangapi?"

Alute alimtazama kwa huruma ya kifamilia. "Shemeji, hakuna anayekulaumu. Mtu akihangaika akapata, apate. Tunachoomba usitunyime siku moja."

Mwalimu aliwatazama wanakamati mmoja mmoja. Wengi wao aliwafundisha kugawanya. Akasema tu, "Saa nne kamili. Yote mawili yatafika."

Asubuhi ya harusi alilipaki gari mbele ya nyumba ya Alute, akalipanga mwenyewe. Kiti cha mbele kushoto hakikukaa mtu. Nyuma kushoto, dirishani, alimkalisha Faith na gauni lake lote. Nyuma kulia aliwabananisha bibi wawili, kila mmoja na mwiko wake. Mwenye mwili mdogo alikaa katikati, akafunikwa na gauni mpaka kidevuni. Masufuria makubwa mawili yalifungwa juu ya paa, upande wa kulia kabisa, na madogo yakaning'inizwa kwenye madirisha ya upande huohuo.

"Mwalimu, mimi nipande na masufuria?" Faith aliuliza, machozi yakikaribia.

"Watakaokutazama wewe hawatayaona, mwanangu. Nyoosha shingo, tazama kushoto, na usigeuke kwa sababu yoyote."

"Na sisi?" aliuliza bibi wa dirishani.

"Nyinyi tazameni kulia, mama. Mkitaka kuimba, imbeni."

Alilipandisha gari taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Saa nne kamili lilifika katikati ya barabara na kusimama. Upande wa kanisani, vigelegele vilipasuka: bibi harusi amefika, yumo ndani ya gari jipya, plastiki nyeusi zinang'aa, shingo imenyooka. Upande wa sokoni, wakati huohuo, wapishi walipiga makofi: masufuria yamefika, bibi wamefika, wanaimba, na gari la zamani, Mungu alibariki, halijawahi kuchelewa. Faith alishukia kushoto. Bibi na masufuria walishukia kulia. Hakuna upande uliojua kwamba upande wa pili nao unashangilia. Kila mmoja ulidhani ule ni mwangwi wa furaha yake.

Alute alimfuata baadaye akiwa na jasho na tabasamu, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dakika moja haikupungua, haikuzidi. Shemeji, dereva wako wa pili ni nani? Tungependa kumpa soda."

"Mpe Editha," Mwalimu alisema.

Wiki mbili baada ya harusi Jenifa alipiga simu. Mashine mpya ilikuwa imefika. Mwalimu alikwenda siku hiyohiyo, na safari hii umeme haukukatika. Jenifa alianzia pale alipoishia, kwenye kibao cha namba, akapita mbele, akashuka kulia mpaka nyuma. Aliposimama, gari lote lilikuwa moja. Alimpa na kopo la dawa iliyobaki, apake kila baada ya miezi michache.

Mwalimu alirudi akiimba. Aliingia kijijini jioni, akasimama katikati ya barabara, akashusha kioo cha kulia, akangoja.

Watu wa sokoni waliinuka. Mama wa nyanya alisogea polepole, khanga mdomoni.

"Mwalimu," alisema, "lile jingine liko wapi?"

"Ni hilihili."

"Sisi tunaliuliza la zamani. Lile lililompeleka mama yangu hospitali Nduguti. Lile la kupunga mkono."

Waliendelea kuuliza kesho yake, na kesho kutwa. Hawakuuliza kwa ugomvi sasa. Waliuliza kwa uchungu. Alute alikuja nyumbani akiwa amechukia kweli. Ndugu wa damu wa mkewe, na hakuambiwa kwamba gari linaondoka, hata aje aliage. Watu wa kanisani nao walianza kulikumbuka, jinsi lilivyokuwa halina makuu. Mama wa nyanya alikataa kumuuzia Editha nyanya kwa siku mbili. Laurian alipita na daftari, akasema anasikitika, lakini lazima aandike kitu: limepotea, limeibiwa, au limekufa?

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Laurian na kalamu yake, akafikiri habari za kiberiti, za kuzunguka mara sita, za pole nne alizopewa mkewe. Akashusha pumzi.

"Liko Sekenke," alisema.

"Sekenke?"

"Kwa wachimbaji. Walilihitaji."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliusubiri umdhuru. Haukumdhuru. Laurian aliandika, akafunga daftari, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu suala lianze. Habari ilishuka barabarani kabla ya jua kuzama, na kijiji kikatulia. Walisema ni sawa, kule barabara ni mbaya, wanahitaji gari lenye moyo. Alute alisamehe. Mama wa nyanya alimpa Editha nyanya tatu za bure.

Mwalimu alidhani yamekwisha. Lakini mwezi uliofuata alifika mashineni Paschal, mtu anayezunguka na lori kununua mashudu, akitokea Iramba.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeliona gari lako."

Mwalimu aliweka chini faneli. "Gari langu lipi?"

"La zamani. Nimepishana nalo mlimani Sekenke, limebeba madumu ya maji. Nikalipigia honi."

Mwalimu alifungua mdomo ili aseme kwamba haiwezekani. Badala yake alijisikia akiuliza, "Lina hali gani?"

"Linajitahidi. Watu wa kule wanalipenda. Ila plastiki zake, Mwalimu, hizo ndizo zimekwisha kabisa. Nyeupe kabisa. Jua la kule halina huruma."

Mashine ilinguruma nyuma ya Mwalimu. Aliona mlima ule, na madumu, na bampa lile linaungua bila mtu wa kulitazama. Akaenda kwenye gari lake, akafungua droo, akatoa lile kopo la Jenifa.

"Utapita tena huko?"

"Alhamisi."

"Mpe mwenye nalo. Mwambie aoshe kwanza kwa sabuni, akaushe vizuri, apake asubuhi kabla jua halijachoma. Asipake wakati wa vumbi."

Paschal alipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka juu ya dashibodi, akaondoka. Jioni Editha aligundua kwamba kopo halipo.

"Umempa nani?"

"Wa Sekenke," Mwalimu alisema.

Editha alichambua mchele kidogo, akifikiri.

"Ungempa na kitambaa," alisema.